Kuwasha Kiko Bila Kuunguza Bori

Viko vingi ambavyo wenzangu hapa Mombasa wameniletea nivitazame vimeharibika mahali pamoja. Mdomo wa bori, yaani pale panapojazwa tumbaku, umeungua upande mmoja, mara nyingi ule unaoelekea mkono uliozoea kushika kibiriti, na chini kidogo ya mdomo, kwa ndani, mti umeliwa na moto hadi ukuta umekonda. Mwenye kiko hudhani kwamba amevuta kupita kiasi, au kwamba aliuziwa kitu hafifu. Kwa kawaida uharibifu wa namna hiyo hutokea katika dakika mbili au tatu za kuwasha, nao hujirudia kila siku mahali pale pale hadi mti unaposhindwa.

Baada ya kuvuta kiko kwa zaidi ya miaka 20 katika mji huu, nimeridhika kwamba maadui wakubwa wa bori hapa pwani ni unyevu na upepo. Tumbaku iliyonyonya unyevu haishiki moto, upepo wa baharini huuzima moto uliokwisha shika, na mtu aliyeshindwa mara tatu hutafuta moto mkubwa zaidi, akausogeza karibu zaidi na kuushikilia kwa muda mrefu zaidi. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maelekezo haya inahusu mambo yanayofanywa kabla ya njiti kuwashwa, na ninamwomba msomaji asione kwamba ninazunguka.

Tukubaliane kwanza juu ya majina, maana Kiswahili kina majina yake ya zamani ya sehemu za kiko na hakuna haja ya kuazima. Kiko cha asili cha pwani kilikuwa kifuu cha nazi kilichotiwa maji. Tumbaku iliwekwa katika bori, chombo kidogo cha udongo kilichokaa juu; bori lilishikwa na digali, mti ulio wazi ndani ulioshusha moshi hadi majini; na kutoka hapo moshi ulifika mdomoni kwa njia ya shilamu. Sauti ya maji mvutaji anapovuta iliitwa malio ya kiko. Kiko cha siku hizi hakina maji wala malio, na kikilia ujue tumbaku ni mbichi, lakini majina yanakifaa barabara: bori ni pale panapojazwa tumbaku, digali ni shingo inayotoka kwenye bori, na shilamu ni ile sehemu inayoshikwa kwa meno.

Katika majina hayo umo pia mzizi wa kosa moja. Bori la zamani lilikuwa la udongo uliochomwa, na kaa la moto liliweza kuwekwa juu ya tumbaku likakaa pale bila kudhuru kitu. Wazee wetu hawakuwa na sababu ya kuuhofia moto. Sisi tumerithi mkono ule ule, wa kuuweka moto juu ya tumbaku na kungoja, ilhali bori tulilonalo leo ni la mti.

Viko vizuri vya mti huchongwa kwa braya, yaani kivimbe kinachoota kati ya shina na mizizi ya mti mdogo wa nchi za Bahari ya Kati unaoitwa kitaalamu Erica arborea. Mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa umejulikana kwa kazi hiyo tangu katikati ya karne ya 19. Kivimbe huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha hukaushwa kwa miezi, na ndiyo maana hustahimili joto kuliko mbao nyingi. Hata hivyo mti ni mti. Huanza kugeuka makaa ukifikia nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi, na mwale wa njiti ya kawaida una joto linalozidi maradufu ya hapo. Kiko cha gunzi la mahindi, ambacho kimetengenezwa katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani, tangu mwaka 1869, ni chepesi na cha bei nafuu, lakini mdomo wake huungua upesi kuliko wa braya. Mirshamu, madini meupe laini yanayochimbwa hasa Eskişehir nchini Uturuki, haiungui; hupata doa la masizi tu, ila huvunjika ikianguka. Madini hayo yapo hata kwetu, katika bonde la Amboseli mpakani mwa Kenya na Tanzania, na viko vilivyotengenezwa Arusha kutokana nayo viliuzwa ng'ambo kwa jina hili hili la Kiko. Kuhusu viko vya mpingo na vya miti mingine vinavyouzwa pamoja na vinyago, ushauri wangu ni kuviacha viwe pambo. Ugumu wa mti peke yake hautoshi, kwa kuwa mti mgumu ambao haukukaushwa vizuri hupasuka upatapo joto la upande mmoja.

Kukausha tumbaku

Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi mwaka mzima. Asubuhi nyingi unyevu hupita asilimia 80, na inapofika Aprili, katika mvua za masika ambazo sisi wa pwani huziita mvua za mwaka, chumvi iliyoachwa mezani hugeuka maji. Tumbaku nayo haisalimiki. Ile ya kiko huwekwa unyevu kwa makusudi tangu kiwandani ili isivunjike, na ukiifungua mkebe katika hewa kama hiyo haikauki yenyewe kama inavyokauka Nairobi au Nakuru; huongeza maji badala ya kuyapunguza.

Kipimo chake ni rahisi, na nisingependa mtu yeyote awashe kiko bila kukifanya. Chukua tumbaku ya kujaza bori mara moja, uibane kati ya kidole gumba na cha shahada kwa muda wa kuhesabu hadi 5, kisha uiachie. Ikibaki imegandamana kama kokwa la tende, ni mbichi. Ikifunguka polepole na kurudia umbo lake, iko tayari. Ikikatika na kutoa sauti ya majani makavu, imekauka mno, na itawaka kwa joto kali litakalokuunguza ulimi pamoja na bori. Iliyo mbichi itandaze juu ya karatasi nyeupe, chumbani, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Wakati wa kaskazi, Januari au Februari, nusu saa hunitosha. Wakati wa mvua mimi huiacha saa nzima na zaidi, na siku nyingine huisogeza karibu na jiko la makaa lililokwisha zimwa ambalo bado lina vuguvugu. Usiitandaze juani wala usiikaange, kwa maana majani ya juu yatakauka hadi kuwa unga na ya chini yatabaki kama yalivyokuwa.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu ya namna unyevu unavyoharibu bori. Joto la njiti likikutana na tumbaku mbichi hutumika kwanza kuchemsha maji. Moto ambao ungetosha kwa sekunde tatu hulazimika kushikiliwa kwa sekunde kumi, na katika zile saba za ziada kinachoungua ni mdomo wa bori. Isitoshe, maji hayo yakiwa mvuke huloweka ukuta kwa ndani, na mti uliolowa ukipashwa joto kwa ghafla hutanuka na kufanya nyufa.

Kibiriti chenyewe kihifadhiwe pia. Njiti iliyoshika unyevu hukatika kichwa, au huwaka kwa mfoko na kurusha cheche ndani ya bori. Mimi huvitia vibiriti vyangu katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, pamoja na konzi ya mchele mkavu uliofungwa kitambaani, na mchele huo huubadilisha kila mwezi. Kuhusu tumbaku ya uraibu, ile inayotafunwa pamoja na tambuu, popoo na chokaa, isitiwe katika kiko: imesokotwa kwa nguvu, ni kali, na haiwaki sawasawa.

Kujaza

Puliza kwanza kupitia shilamu uhakikishe njia iko wazi. Kisha mimina tumbaku ndani ya bori bila kuibana hadi ijae, uibonyeze kwa wepesi wa mkono wa mtoto hadi ishuke nusu ya bori. Ongeza tena, ubonyeze kwa mkono wa mama. Ongeza mara ya tatu, ubonyeze kwa mkono wa baba. Wavuta kiko wa nchi nyingi hufundishana hivyo, na mpangilio huo una maana: chini hewa ipite, juu moto upate pa kushika. Vuta pumzi kabla ya kuwasha. Hewa ipite kwa ukinzani kidogo, kama unapokunywa soda kwa mrija. Ikiwa haipiti, toa tumbaku yote uanze upya, kwa kuwa hakuna moto utakaorekebisha kiko kilichoshindiliwa vibaya, na kujaribu kufanya hivyo ni kuchoma mti.

Sehemu inayopuuzwa na wengi ni milimita tatu za mwisho. Usijaze bori hadi ukingoni. Acha ukuta mtupu wa kiasi hicho juu ya tumbaku, kwa sababu tumbaku ikipata moto hufura na kuinuka, na ikiwa ilianzia ukingoni itafurika na kulala juu ya mdomo ikiwa inawaka. Zungusha jicho pia kwenye mdomo wote uone kama kuna nyuzi zinazoning'inia nje. Zikunje ndani au uzing'oe. Uzi mmoja wa tumbaku, mwembamba kama unywele, ukiwaka huku umelala juu ya mdomo wa braya, huacha mstari mweusi wenye urefu wake kamili, na mstari huo hautoki kwa kufuta.

Moto wa kutumia

Njiti ya mti ndiyo bora, mradi uipe muda. Neno kibiriti lenyewe asili yake ni jina la salfa, na salfa hiyo ipo katika kichwa cha njiti pamoja na dawa nyingine zinazowaka kwa ukali. Ukiikwangua njiti na kuipeleka papo hapo kwenye bori, moto wa kwanza kugusa tumbaku na mti ndio mkali kuliko wote utakaotoka kwenye njiti hiyo, na ladha yake mbaya utaivuta. Hesabu hadi 3. Kichwa kikiisha na moto ukaanza kula mti wa njiti, mwale hutulia na kuwa wa manjano. Huo ndio unaotakiwa.

Laita ya kawaida ya gesi inafaa kwa mtu mwenye mkono mtulivu, ingawa moto wake ni mkali kuliko wa njiti na hauna ncha ya kukuonya kwamba unakaribia vidole. Zipo laita zilizotengenezwa kwa ajili ya kiko ambazo hutoa moto kwa ubavu, nazo ni nzuri. Laita inayotoa moto wa buluu kwa kuvuma, kama chombo cha fundi wa kulehemu, isikaribie kiko hata kidogo. Joto la mwale wake hupita nyuzi 1,000, na mwale huo haupindi, husukuma.

Kiko changu cha kwanza cha braya nilikiunguza kwa laita ya namna hiyo, jioni moja barazani Kibokoni, kwa kuwa upepo ulinizimia njiti nne. Haikupita sekunde ya tano nikasikia harufu ya karakana ya seremala, harufu ya msumeno uliokwama ubaoni. Nilipopitisha kidole juu ya mdomo wa bori kilitoka na unga mweusi, na chini ya ule unga palikuwa na bonde dogo ambalo ukucha uliweza kulihisi. Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa akivuta tangu enzi za kiko cha kifuu, alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza taratibu karibu na taa.

"Mwanangu," akasema, "wewe waupeleka moto. Moto wa kiko haupelekwi, huvutwa. Uweke juu, uvute pumzi, kisha utazame wainamavyo."

"Naam, babu," nikamjibu, na usiku ule alinikalisha nikawasha na kuzima kiko chake hadi nikaona alichokisema.

Moto wa kwanza

Keti. Mtu aliyesimama au anayetembea hawezi kuwasha vizuri. Shika bori kwa mkono usiowashia, vidole vikiuzunguka ukuta, ili mkono ukuarifu joto linapozidi. Washa njiti, subiri kichwa kiishe, kisha lete mwale juu ya katikati ya tumbaku, kwa umbali wa sentimita 1 hivi, mbali na kingo zote. Vuta pumzi fupi na laini, kwa mashavu bila kushirikisha kifua.

Sasa tazama mwale. Ulikuwa umesimama wima. Unapovuta, unapinda shingo na kuingia ndani ya bori kama maji yanavyozama katika tundu la karai. Unapoacha kuvuta, unasimama tena na kutanda. Mwale ulioinama hauugusi mdomo wa bori hata ukiwa mrefu, na mwale uliosimama huulamba hata ukiwa mdogo. Kutokana na hilo kuna kanuni moja ambayo mtu akiishika peke yake atakuwa amekiokoa kiko chake: moto uwe juu ya bori wakati unavuta tu. Ukipumua, inua njiti. Ukitaka kuzungumza, inua njiti. Ukivuta tena, irudishe.

Ukiwa unavuta hivyo, zungusha mwale polepole kwa duara dogo kuliko mdomo wa bori, ili uso wote wa tumbaku upate moto. Moto utafika pembeni wenyewe kwa kupita ndani ya tumbaku. Huna sababu ya kuupeleka ukutani. Mivuto mitano au sita inatosha. Tumbaku itajikunja, itafura, na pengine itainuka hadi usawa wa mdomo. Zima njiti hapo hapo, hata kama moshi umeanza kuwa mtamu, na uchukue kishindilio. Si lazima kiwe cha kununua. Msumari wa inchi 4 wenye kichwa bapa, uliosuguliwa kutu, unafanya kazi ile ile. Laza kichwa chake juu ya tumbaku iliyofura na uache uzito wake wenyewe uibonyeze, kwanza pembeni kwa kuzunguka, mwisho katikati, hadi uso uwe tambarare. Kiache kiko kizime.

Wengi huona huku kuzima ni kushindwa, na hapo ndipo haraka inapoingia. Moto wa kwanza hauna kazi ya kuvutisha. Kazi yake ni kukausha na kuigeuza ngozi ya juu ya tumbaku kuwa kaa jepesi, ili moto wa pili ushike mara moja kwa joto dogo. Subiri nusu dakika. Uso unaotazama sasa ni mweusi, tambarare na umeshuka chini ya mdomo. Washa njiti ya pili kwa utaratibu ule ule, na utashangaa jinsi moto unavyoshika kwa mivuto mitatu au minne tu. Moshi ukitoka kwa wepesi na sawasawa, ondoa njiti, bonyeza tena kwa wepesi zaidi ya mara ya kwanza, na uanze kuvuta taratibu.

Upepo na mahali

Upepo huzima njiti, na pia hufanya bori kuwa tanuri. Upepo wa kusi, unaovuma tangu Aprili au Mei hadi Septemba, ukiingia katika mdomo wa bori huwa kama mivukuto ya mhunzi: kaa huwa jekundu upande ule unaopepewa, na ukuta wa upande huo hupata joto ambalo wewe hukulivuta. Bori linaweza kutoboka kwa sababu hiyo hata kama liliwashwa vizuri. Tafuta uani penye ukuta, upe upepo mgongo, na uuzunguke mdomo wa bori kwa kiganja, ukiacha nafasi ya kidole kimoja. Kifuniko cha waya chenye matundu kinasaidia baada ya moto kushika.

Tafuta pia mahali pasipo na watoto wala watu wengine. Haya ni maelekezo ya mtu mzima ambaye tayari anavuta, na sitaki yamvute mwingine. Moshi wa kiko huleta saratani ya mdomo na ya koo hata kwa asiyeumeza, na huwadhuru walio karibu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya, ya mwaka 2007, inakataza kuvuta katika maeneo ya umma isipokuwa palipotengwa, na inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo kuwasha kiko ukingoni mwa bahari pale Mama Ngina au ndani ya feri ya Likoni ni kosa kisheria, mbali ya kwamba upepo wa pale ni mbaya kwa bori.

Kuwasha tena

Kiko huzimika, na njiti tatu au nne kwa kujaza kumoja ni jambo la kawaida. Hatari ni kwamba kadiri tumbaku inavyoshuka, moto hulazimika kuifuata ndani, na njiani hupita kando ya ukuta wa juu ambao sasa uko mtupu. Bori likifika nusu, usiingize laita ndani. Bonyeza majivu kidogo yagusane na tumbaku iliyobaki. Ikiwa ni mengi, mwaga ya juu tu, maana majivu machache husaidia moto kuenea. Laza kiko kidogo upande, shika njiti juu ya katikati, na uvute kwa nguvu kidogo kuliko mwanzo ili mwale uzame moja kwa moja. Ikikataa mara mbili, iache. Robo ya mwisho ya bori huwa imelowa, na hakuna tumbaku yenye thamani ya kitako cha kiko.

Kipimo cha joto ni shavu. Gusisha ukuta wa bori shavuni. Ukishindwa kuuvumilia kwa kuhesabu hadi 3, weka kiko chini kipoe kabisa kabla ya kuwasha tena. Wala usilichomoe shilamu kiko kikiwa cha moto, kwa kuwa digali lililotanuka hupasuka.

Kiko kipya

Kiko kipya cha braya hakina kinga. Kinga huja polepole kwa namna ya ukoko, ile ngozi nyeusi ya kaa inayojenga ndani ya bori, nami nauita ukoko kwa kuwa unashika kama ukoko wa wali unavyoshika chini ya sufuria. Mara tano za kwanza jaza theluthi moja ya bori, mara tano zinazofuata jaza nusu, kisha ndipo ujaze, ili ukoko uanze chini na kupanda. Katika siku hizo tumia njiti tu. Wapo wanaopaka asali ndani ya bori ili ukoko ushike upesi. Mimi siwashauri, kwa sababu katika hewa yetu asali haikauki na sisimizi hawatakuacha. Ukoko ukifikia unene wa milimita 1 hadi 1.5 uzuie hapo kwa kuusugua kwa upole. Ukizidi, hutanuka kwa kasi tofauti na mti na kulipasua bori kutoka ndani. Katika mirshamu na gunzi ukoko usiachwe ujenge. Futa ndani kwa karatasi laini kila mara kiko kinapopoa.

Bori likianza kuungua

Weusi wa juu ya mdomo ambao ukucha hauuhisi ni masizi, nao hutoka kwa kitambaa chenye maji kidogo kiko kikiwa baridi, kwa kusugua kwa subira. Ukucha ukihisi bonde, mti umekwisha kuungua, na dawa yake ni msasa laini mkononi mwa fundi. Jambo la kuhofia zaidi ni doa la joto ukutani: mahali pamoja nje ya bori panapokuwa pa moto kuliko kwingine, rangi inapogeuka au kutoa malengelenge. Zima papo hapo. Kikipoa, mulika ndani kwa tochi. Ukiona shimo dogo, changanya majivu na maji kidogo hadi yawe tope zito, yajaze shimoni kwa ncha ya kijiti, uyaache yakauke kwa siku tatu au nne, na baada ya hapo jaza bori nusu tu kwa muda hadi ukoko ulifunike lile tope. Kama moto umekwisha tokeza nje, kiko hicho hakifai tena kuwashwa.

Ukimaliza, acha kiko kipoe, mwaga majivu bila kukigonga kwenye jiwe la baraza, chomoa shilamu kwa kuizungusha, na upitishe waya wenye pamba katika njia ya moshi hadi utoke mkavu. Usikiwashe tena siku ile. Katika mji mkavu siku moja ya kupumzika ingetosha. Hapa mimi hukipa siku mbili, na wakati wa mvua siku tatu, kikiwa kimesimamishwa bori chini na shilamu juu katika kabati lisilo na dirisha, kando ya ile chupa ya vibiriti.